Mfuko wa kulipia watu kodi ya nyumba kabla hawajatolewa nje: nyota nne, na ya tano nimeibana makusudi

Nianze na nyota kabisa ili asiye na muda aondoke na jibu lake: nne kati ya tano. Walinilipia deni la kodi, sikutolewa nje, na hawakunidhalilisha, hayo matatu peke yake yanatosha nyota nne. Ya tano nimeibana kwa sababu nitazosema huko chini, na nyingi hata sio kosa la wale wanaokaa ofisini, ni jinsi hela zenyewe zinavyowafikia.

Jina la shirika silitaji. Kaofisi kenyewe kadogo, kana simu moja na watu wachache wanaojitolea, wakivamiwa itakuwa balaa. Halafu pia mengi nitakayosema yanahusu mifuko mingi ya namna hii popote ilipo, nimeisoma sana baada ya yangu kuisha na ukiondoa jina la mlangoni inafanana kama watoto wa mama mmoja.

Kwa ambao hawajawahi kukutana nayo, ni hivi. Ni hela za hisani, michango ya watu wa kawaida, nyumba za ibada, wenye biashara na mara nyingine fungu kutoka kwenye wakfu fulani mkubwa, zinawekwa sehemu moja halafu zinatumika kumlipia mpangaji kodi iliyomkwama ili asifukuzwe. Hela hupewi mkononi, analipwa mwenye nyumba moja kwa moja, mara moja tu, basi mmemalizana. Kama ile nyumba haiokoleki tena wanaweza kukulipia dipoziti ya sehemu nyingine ya bei nafuu, au wakalipa bili ya umeme na maji kama hiyo ndo ingekutoa. Sio mkopo, hurudishi kitu. Na wala sio shelta (yale makazi ya muda ya wasio na pa kulala), ukishakuwa nje kabisa na mabegi yako unahitaji watu wengine, kazi ya hawa ni ule muda kati ya deni la kwanza na siku ya kutolewa. Kamuda kafupi sana hako, na ndo maana mi nawapima kwa kitu kimoja kabla ya vyote, kasi. Hata sio ukubwa wa hela jamani. Kasi.

Mambo yangu yalikuwa ya kawaida tu, kazini walipunguza masaa, mwezi mmoja nikalipa kodi nusu, uliofuata sikulipa kabisa, mwenye nyumba akanivumilia kidogo halafu notisi ya kuhama ikaja. Sikuwa mlevi, sikuwa nimecheza kamari, na nasema hivi sio kujisafisha ila kwa sababu kila mahali nilipoenda nilisikia hilo swali likizunguka chini chini kabla halijaulizwa. Wengi wanaofika kwenye hii mifuko wako hivo hivo, wana kazi au walikuwa nayo jana, wameugua, wameachwa, gari limekufa, masaa yamekatwa. Deni lenyewe mara nyingi ni dogo ukilinganisha na hasara itakayotokea mtu akishatoka, maana akitoka anapoteza dipoziti, vitu, wakati mwingine kazi yenyewe, watoto wanahama shule, na kupata nyumba nyingine ukiwa na rekodi ya kufukuzwa ni kazi kwelikweli.

Sasa huduma yenyewe. Nilipiga simu, akapokea mama mmoja ambaye kwa sauti ni mtu mzima, nikaanza kumsimulia toka mwanzo kabisa jinsi kazi ilivyokuwa na nini, akanikatiza kwa upole, "mwanangu, hayo yote nitayasikiliza, ila kwanza niambie notisi inasema tarehe ngapi." Hapo hapo nikajua hawa wanajua wanachofanya. Swali la kwanza tarehe, sio una watoto wangapi wala umefanya nini mpaka ukafika huko. Baada ya tarehe akauliza deni ni kiasi gani, kipato cha sasa ni kiasi gani, na mwezi ujao nitalipaje. Hilo la mwisho ndo linaamua mengi, na mi naona ni haki kabisa, kwa sababu wakikulipia mwezi huu halafu mwezi ujao huna kitu kabisa watakuwa wameahirisha tu kufukuzwa kwako, na hela ambayo ingemsimamisha mtu mwingine imeenda. Nilikuwa nimeshapata masaa ya ziada sehemu nyingine kwa hiyo nilikuwa na cha kumjibu. Nikasema "nimeelewa mama," akasema lete karatasi.

Karatasi wanazotaka sio nyingi: kitambulisho, mkataba wa kupanga, notisi yenyewe, ushahidi wa kipato, kitu kinachoonyesha kilichokukwamisha (mi nilipeleka barua ya kazini ya kupunguza masaa, mwingine anapeleka cheti cha hospitali), na barua ya mwenye nyumba inayosema deni ni kiasi gani na alipwe wapi. Hiyo ya mwisho ndo kisanga. Wenye nyumba wengine wanafurahi, kwao ni hela waliyokuwa wameshaikatia tamaa, wangu alisaini bila maneno. Ila nilipokuwa nasubiri pale ofisini nilikaa na kaka mmoja ambaye mwenye nyumba wake aligoma kabisa kuandika chochote, hataki jina lake liwe kwenye karatasi ya mtu, na kuna wengine wanagoma kwa sababu wameshaamua wanataka utoke ili wamuingize anayelipa zaidi, hata ukiletewa deni lote kwenye sahani hawalitaki. Kwa hao mfuko hauna la kufanya zaidi ya kukusaidia dipoziti kwingine. Ndo maana pale ofisini kuna mtu kazi yake ni kuwapigia simu wenye nyumba tu, kuwabembeleza, kuwaahidi kwamba hela iko tayari, kuwaomba wasimamishe kesi kwa muda kidogo. Niliwasikiliza wakifanya hivo nikaona kabisa pengine hiyo simu ina thamani kuliko hela. Mpangaji akipiga mwenyewe anaonekana mdaiwa anayepiga porojo, akipiga mtu wa ofisi anasikilizwa, ni maneno yale yale.

Halafu wako wasio na mkataba. Mtu anapanga chumba kwa mpangaji mwenzie, au amekaa miaka kwa makubaliano ya mdomo, huyo karatasi ataitoa wapi. Hawa niliowatumia walikubali meseji za simu na risiti za kutuma kodi kama ushahidi. Pointi kubwa sana hiyo kwao, kwa sababu wasio na mkataba ndo wanaotolewa haraka kuliko wote, hawasubiri mahakama wala notisi, wanakuta tu kufuli limebadilishwa.

Nilikuwa nimejaribu sehemu nyingine kabla, kubwa zaidi, jengo zuri, tovuti nzuri, fomu ndefu mpaka unasahau ulianza kujaza ukiomba nini. Wao walitaka taarifa za benki za miezi mingi nyuma, barua mbili za watu wanaonifahamu, na baada ya hapo ombi linaenda kwenye kamati, na kamati inakaa mara moja kwa mwezi. Mara moja kwa mwezi! Notisi haikai kusubiri kamati jamani. Jibu lao lilikuja nikiwa nimeshalipiwa huku kwingine kitambo, likiniambia ombi langu limepokelewa na linafanyiwa kazi. Sina chuki nao, najua wanaogopa kutapeliwa na wanaogopa mkaguzi, ila hapo hela ipo na nia ipo na mtu anatolewa vile vile.

Na hii sio shida ya mashirika madogo tu. Marekani wakati wa korona bunge lao lilitenga hela za kuwalipia watu malimbikizo ya kodi, dola bilioni 25 mwishoni mwa 2020 na nyingine bilioni 21 na zaidi Machi 2021, jumla zaidi ya bilioni 46. Mpaka mwisho wa Julai 2021 zilizokuwa zimefika kwa watu ni bilioni 5 hivi tu. Hela ilikuwepo, imekaa. Kilichoizuia ni karatasi, tovuti zinazogoma, wenye nyumba wasiojibu, maofisa walioogopa kutoa bila ushahidi wa kila kitu. Agosti mwaka huo huo zuio la kufukuza wapangaji likafutwa na mahakama kuu yao huku hela nyingi bado haijatoka, na wizara ya fedha ikawa inawasisitiza watoaji wakubali maneno ya mwombaji mwenyewe kwa maandishi pale ambapo hana karatasi. Kumbe iliwezekana toka mwanzo.

Kwa hiyo nikija kwa kaofisi kangu kenye simu moja kalikofanya ndani ya siku chache kile ambacho wenye mabilioni walichukua miezi, nyota zake lazima nimpe.

Sasa kuna watu wataniambia, sawa, ulisaidiwa, lakini ungejuaje kama usingejipanga mwenyewe tu? Swali zuri na mi lilinisumbua, kwa sababu kila shirika litakwambia tumeokoa kaya kadhaa, wanahesabu kila waliyemlipia kama mtu aliyeokolewa, wakati wengine wangekopa kwa ndugu, wangeuza kitu, wangehamia kwa dada yao. Jibu nzuri kuliko yote nililokutana nalo limetoka Chicago. Kule kuna namba ya simu unapiga kuomba hela ya kuzuia kutolewa, na hela zake zinakuja na kuisha bila mpangilio, leo ipo kesho haipo. Wachumi Evans, Sullivan na Wallskog wakaona humo humo kwenye huo mvurugo kuna kipimo: wanaopiga siku hela ipo na wanaopiga siku haipo ni watu wale wale, tofauti yao ni bahati ya siku. Wakawafuatilia, utafiti ukatoka mwaka 2016 kwenye jarida la Science. Waliopiga siku ambayo hela ipo walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 76 wa kuingia shelta ndani ya miezi 6. Asilimia 76, kwa malipo ya mara moja!

Ila soma vizuri, maana humo humo kuna upande ambao mashirika hawapendi kuutangaza. Hata wale walioikosa hela, wengi wao sana hawakuishia shelta. Yaani hela nyingi inaenda kwa watu ambao wangepata namna nyingine, na ndo maana ukipiga gharama ya kumzuia mtu mmoja kweli kweli asiingie shelta inafika kama dola 10,300 kwa hesabu yao, ingawa malipo kwa kila mtu ni madogo kuliko hapo kwa mbali. Bado inalipa, kwa sababu walikadiria faida yake inazidi dola 20,000, na wakasema ingekuwa nafuu zaidi kama ingeelekezwa kwa wenye kipato cha chini kabisa. Halafu kutokuingia shelta sio sawa na kuwa salama, kuna wanaolala sebuleni kwa watu miezi na miezi, na hao kwenye hesabu hawaonekani.

Kuna utafiti mwingine wa Santa Clara kule California, huo walifanya kwa bahati nasibu kabisa, waliopata msaada na waliokosa wamechaguliwa kwa kura, na waliopata walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 81 wa kukosa makazi ndani ya miezi 6. Ukisikia habari ya kura unajisikia vibaya, na New York mwaka 2010 watu waliwaka kweli walivyosikia jiji linawanyima familia fulani msaada wa programu yao ya Homebase ili kupima tu kama unafanya kazi. Naelewa hasira yao. Lakini mi nilivyokuwa kwenye ile foleni nilijua kabisa hela haitoshi wote, kuna watu wataondoka mikono mitupu vyovyote iwavyo, na kama ni hivo basi kura ina haki zaidi kidogo kuliko kumpa anayejua kuongea vizuri.

Turudi kwenye nyota. Kinachoniudhi kwenye mifuko mingi (hawa wangu pia wanacho ila kidogo) ni ile kanuni ya kutaka notisi. Huna notisi, huna dharura, rudi ukiwa nayo. Ina mantiki ukiitazama kwa jicho la takwimu za Chicago, wanataka kuwapata wale walio karibu kabisa kuanguka. Ila ukiitazama kwa jicho la mpangaji ni kama unaambiwa nenda ukaharibikiwe zaidi ndo urudi. Mwezi wa kwanza deni lilikuwa nusu ya kodi, na mwenye nyumba alikuwa bado ananisalimia. Ilipofika notisi deni lilikuwa limekua na salamu imeisha. Uingereza walikuwa na ugonjwa huo huo upande wa halmashauri zao, mtu anafika na notisi mkononi anaambiwa baki humo humo mpaka mahakama na mpaka waje wa kukutoa, ndo tukusaidie. Mwaka 2017 wakatunga sheria mpya, ikaanza kazi England Aprili 2018, inayosema halmashauri inatakiwa ianze kukusaidia ukiwa umebakiza siku 56 kabla ya kukosa makazi badala ya 28 za zamani. Wapangaji bado wanalalamika kwamba sehemu nyingine mambo yanachelewa vile vile, sheria na utekelezaji ni vitu viwili, lakini angalau ile ya kumwambia mtu rudi ukishatolewa ilikoma kuwa halali. Mfuko wa hisani hauna sheria inayoulazimisha, ni uamuzi wao tu, kwa hiyo wangeweza kubadilisha kesho asubuhi. Wangu walinipokea na notisi, sijui wangenipokea mwezi mmoja kabla yake, na nilivyomuuliza yule mama alicheka akasema "ungekuja mapema ningepambana nikusaidie, ila fomu ingenikataa." Robo ya ile nyota niliyoibana ni hiyo fomu.

Robo nyingine ni hela zilizofungwa. Hili sikulijua kabla. Mfadhili akitoa hela anaweka masharti, hii ni kwa wenye watoto tu, hii ni kwa wanaokaa upande fulani, hii ni kwa waliopoteza kazi, hii itumike kabla ya tarehe fulani. Kwa hiyo ofisi inaweza kuwa na hela kabatini na bado ikakwambia wewe hatuna yako. Kaka yule niliyekaa naye ni mtu mzima asiye na mtoto, na watu wa namna yake ndo wanaopigwa chini mara nyingi, kwa sababu picha ya mtoto inafungua mifuko ya watoaji na picha ya mwanaume wa miaka 45 haifungui. Simlaumu anayeguswa na mtoto. Ila kodi haiulizi kama una mtoto.

Masharti kwenye hisani ya nyumba ni ya siku nyingi hata hivyo. Augsburg kule Ujerumani kuna kijiji cha nyumba za hisani kinaitwa Fuggerei, tajiri Jakob Fugger alikianzisha mwaka 1521 na mpaka leo watu wanakaa, kodi yake ni senti 88 za yuro kwa mwaka mzima, ndio, kwa mwaka. Masharti yake, uwe Mkatoliki, uwe wa Augsburg, uwe na shida, na uwaombee mwanzilishi na familia yake sala tatu kila siku. Nilicheka nilivyosoma ila baadaye nikafikiria, sala tatu kwa siku na nyumba ya maisha, na huku kwingine kuna mashirika yanataka picha yako, ushuhuda wako, na ukubali kutumika kwenye kipeperushi chao kwa kodi ya mwezi mmoja. Bora Fugger. Wangu hawakuniomba picha. Waliniuliza tu kama wanaweza kunihesabu kwenye ripoti bila jina, nikasema ndio.

Walichonilazimisha ni kikao cha bajeti. Nilikwenda nimenuna, maana shida yangu haikuwa kutokujua kuhesabu, ilikuwa cha kuhesabu. Lakini yule dada aliyekaa nami hakuhubiri, alichofanya ni kunionyesha ruzuku moja ya serikali ambayo nilikuwa nastahili na sikuwa nimeiomba, na akanisaidia kuandika barua kwa kampuni ya umeme nigawiwe deni. Kikao cha namna hiyo nakiafiki. Cha kumfundisha mtu asinunue soda sikiafiki.

Na hili la kuogopa watu watakula hela. Ndo maana wanamlipa mwenye nyumba moja kwa moja, na kwa deni la kodi ni sawa tu, hata mi nafuu hela isipite kwangu. Ila ile hofu yenyewe imezidi. Vancouver kule Kanada walifanya jaribio, wakawapa watu 50 waliokuwa tayari hawana makazi dola 7,500 za Kanada kila mmoja, mkononi, bila sharti, wakawalinganisha na ambao hawakupewa. Matokeo yalichapishwa 2023: kwa mwaka mmoja waliopewa walikuwa na siku 99 pungufu za kukosa makazi, na matumizi yao ya pombe na madawa hayakupanda. Haki isemwe, waliwachuja kwanza, wenye uraibu mkali na matatizo mazito ya akili hawakuingizwa, kwa hiyo usichukue hilo jaribio ukaliweka juu ya kila mtu unayemuona barabarani. Lakini mtu aliyekwama kodi kwa sababu ya masaa kukatwa, huyo ndo kabisa hana sababu ya kuchunguzwa kama mwizi.

Nusu iliyobaki ya nyota ni hii, na hapa naongea na wanaotoa zaidi kuliko ofisi. Mfuko unafungwa. Hela ya mwezi inaingia, simu zinafunguliwa, zinapigwa mfululizo, hela inaisha, simu inajibu kwa mashine mpaka mwezi ujao. Mimi nilipata kwa sababu nilipiga siku sahihi, nimeshawaeleza ya Chicago, ni bahati ile ile. Na kuisha kwake hakufuatani na lini watu wanafukuzwa, kunafuatana na lini watu wanapenda kutoa. Michango inamiminika kipindi cha sikukuu na wakati wa baridi, na inamiminika zaidi mtu akifa. Ufaransa tarehe 1 Februari 1954 kasisi aliyeitwa Abbé Pierre alikwenda redioni akasema usiku huo mwanamke amekufa kwa baridi barabarani Paris, kwenye boulevard Sébastopol, akiwa ameshika karatasi ya kufukuzwa nyumba aliyopewa juzi yake. Nchi nzima ikaamka, mablanketi, mahema, mamilioni ya faranga, na mwaka 1956 ikapita sheria ya kuzuia kufukuza wapangaji kipindi cha baridi, ipo mpaka leo, kuanzia Novemba 1 mpaka Machi 31. Huyo kasisi mwenyewe tangu 2024 zimetoka tuhuma nzito za kuwadhalilisha wanawake kingono, mpaka taasisi yake ya nyumba ikabadilisha jina, kwa hiyo simtaji kwa kumsifu. Nataja ile karatasi. Siku mbili kabla mtu mwenye hela kidogo ya kodi angetosha, na hakuna aliyekuwa anachangia karatasi, walichangia alipokufa.

Mpaka leo ni hivo hivo. Blanketi linapigwa picha vizuri, kitanda cha shelta kinapigwa picha vizuri, deni la kodi lililolipwa halina picha, ni mtu anaamka kwake kama jana. Shirika likiomba hela ya blanketi linapata, likiomba ya malimbikizo ya kodi linaulizwa kwa nini tuwalipie wenye nyumba. Na hilo swali nalo si la kijinga sana, ni kweli hela ya sadaka inaishia kwa mtu mwenye nyumba ya kupangisha, na ni kweli mfuko haushushi kodi hata kidogo, kodi ikipanda kila mwaka na mshahara umesimama hawa watakuwa wanaziba tundu lile lile kila mwezi. Wenyewe wanalijua hilo, yule dada wa bajeti aliniambia wazi kuna watu anawaona mara ya pili na kwa kanuni yao mara ya pili ndani ya mwaka hawalipi. Hapo inatakiwa serikali, inatakiwa nyumba zijengwe, mfuko wa michango hauwezi. Ila mwenye notisi ya wiki mbili huwezi kumwambia asubiri nyumba zijengwe.

Kwa hiyo kama unataka kutoa, toa isiyofungwa, na toa kidogo kila mwezi badala ya nyingi mara moja mwisho wa mwaka, nilimuuliza yule mama akasema ndo kitu wanachoomba kila siku na hawakipati, kwa sababu kinawawezesha kuacha simu wazi. Uliza pia inachukua siku ngapi toka mtu apige mpaka mwenye nyumba alipwe. Wasipokuwa na jibu tafuta wengine.

Na kama ndo wewe unayetafuta msaada, usianze na wale wenye fomu ndefu hata kama jina lao ni kubwa, anza na wadogo wa karibu, omba sehemu zaidi ya moja kwa pamoja maana hairuhusiwi kulipiwa deni lile lile mara mbili ila kuomba hakuna anayekukataza. Waambie tarehe ya notisi kwenye sentensi ya kwanza. Mwenye nyumba mwambie kabla hajaambiwa na ofisi, mi wangu alisaini haraka kwa sababu nilikuwa nimeshamdokeza. Piga picha kila karatasi uiweke kwenye simu, na kama huna mkataba kusanya meseji na risiti zote za kodi ulizowahi kutuma hata za zamani. Uliza hela mpya ya mwezi inaingia tarehe ngapi, watakwambia hawafichi, na siku hiyo piga simu inavyofunguliwa tu, mchana ukipiga utakutana na mashine.

Update kidogo: wamepiga simu juzi kuniuliza kama bado nipo kwenye nyumba. Nipo. Wakauliza kama kodi ya mwezi huu imeenda, nikasema imeenda, wakashukuru wakakata. Nyota nne bado.